Jenerali Alipokagua Kwaya ya Kabiro

Watu wanaomsifu Jenerali hawajawahi kufua soksi zake. Mama yangu amezifua miaka sita, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa hivyo nyumbani kwetu Gatwekera, mtaa wa mabati, tulikuwa na habari za huyo mheshimiwa kabla redio hazijaanza kumwita tumaini la jiji. Alipostaafu jeshi alikaa kidogo akipalilia maua, yaani mtu mwingine alipalilia na yeye akasimama nyuma yake, halafu maua yakamchosha, akaamua anataka ugavana. Nairobi kila mzee akichoka na maua anataka ugavana.

Baba alimpenda papo hapo. Baba ni fundi wa mawe, na miaka yake ya mjengo imemfanya aamini kwamba taabu zote za nchi hii zinaletwa na vibarua wasiosikia.

"Hii Nairobi inataka mtu wa jeshi," alisema jioni moja, huku akitoa saruji kwenye kucha kwa msumari. "Mtu wa disiplini. Akisema saa mbili, ni saa mbili."

"Saa mbili afanye nini?" nikamuuliza.

"Wewe, si uko na homuwaki?"

"Nauliza tu. Hata mbu wa huku wana disiplini. Saa moja kamili washaripoti."

Baba alinitazama kama jiwe lililokatwa vibaya. "Mwanajeshi haibi. Hiyo peke yake inatosha."

"Ana mtu wa kumpikia, wa kumfulia, wa kumfungulia geti, wa kumtembezea mbwa. Hata akitaka kuiba, si atatuma mtu?"

Mama aliendelea kukata sukuma wiki. Yeye haleti mambo ya kazini nyumbani. Machache niliyoyajua nilimtoa kwa kumchokoza, na alipoyasema aliyasema kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Kwa mfano, kwamba Jenerali ana rula ya mbao, na kila shati likishakunjwa linapimwa. Kwamba mashati yakianikwa lazima yote yatazame upande mmoja. Kwamba fulana za ndani hupigwa pasi, taulo hupigwa pasi, na hata yale matambara ya kupangusia vumbi hupigwa pasi, ili vumbi likipanguswa lijisikie limeheshimiwa. Hilo la mwisho ni maneno yangu. Mama hafanyi mzaha juu ya pasi.

Nilimwona mwenyewe mara moja tu, likizo ya Agosti. Mama alikuwa ameondoka na ufunguo wa nyumba, nami nilikuwa nimefungiwa nje na njaa yangu. Nikatembea kutoka Gatwekera, nikapita Kawangware yote, mpaka ile mitaa ya mageti iliyo ng'ambo, ambako hata barabara zinanyamaza. Jenerali alikuwa kwenye veranda, amevaa kaptula yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate.

"Nani amekuruhusu kuingia?"

"Soja wa geti."

"Hapa kuna soja mmoja tu," akasema, akajipiga kifua kidogo. "Simama wima. Mikono ubavuni. Unasoma?"

"Ndiyo. Fomu tatu."

"Unataka kuwa nani maishani?"

"Gavana," nikasema.

Hakucheka. Watu wa aina ile ukiwaletea kichekesho wanakipekua kwanza, kama kina bomu. Akageuka akapaza sauti ndani: "Wewe wa nguo! Kuna mtu wako hapa."

Wewe wa nguo. Miaka sita. Mbwa wake alikuwa na majina mawili, moja la kuitwa na wageni na moja la kubembelezwa.

Mama akatoka akijipangusa povu mikononi, na kabla ya kuniangalia alisimama wima. Mama yangu huyo ambaye haondoki kitini kumsalimia hata chifu! Nilichukua ufunguo nikaondoka bila kuaga. Njia nzima ya kurudi nilitembea kwa miguu ya gwaride, magoti juu, mpaka nikafika kwetu na msururu wa watoto nyuma yangu wakiimba kushoto-kulia. Watu walicheka sana, na mimi nilikuwa na hasira mpaka masikio yananguruma.

Sasa, kampeni.

Alhamisi moja nikiwa nimetoka shule, vijana wawili walikuja kwetu wamevaa tisheti zenye sura ya Jenerali. Viatu vyao vilikuwa vyeupe, wakaruka mtaro wetu kama wanaovuka mpaka wa nchi. Mmoja wao, mwenye sauti ya kuuza sabuni, ndiye aliyesema.

"Mathe, Jumapili Jenerali atakuwa mgeni kanisani kwenu Kabiro. Tumeambiwa pale wewe ni mtu mkubwa."

Walikuwa wameambiwa vizuri. Tuliishi Kabiro, upande wa Kawangware, kabla kodi haijatusukuma Gatwekera, na Mama alihama nyumba lakini akakataa kuhama kanisa. Kila Jumapili anatembea mpaka huko kwa sababu yeye ndiye anayeongoza mapambio. Pia ushuhuda wake pale ni kama muhuri. Akisimama aseme mama fulani anaumwa, hakuna anayeuliza karatasi ya hospitali, watu wanafungua mikoba.

"Tunataka utoe ushuhuda kidogo tu," kijana akaendelea. "Dakika mbili. Tumekuandikia, usihangaike." Akatoa karatasi. Kisha, akiwa tayari ameinua mguu wa kuruka mtaro, akaongeza kwa upole kabisa: "Na Jenerali hapendi kuaibishwa, mathe. Kazi siku hizi unajua vile ni ngumu kupata."

Nilinyakua ile karatasi nikaisoma kwa sauti ya Jenerali, kidevu juu, rula ya jiometri chini ya kwapa. Ilisema: kwa miaka sita Jenerali amekuwa kama baba kwangu. Ilisema: hunikaribisha mezani kwake. Ilisema anajua shida za mwananchi wa kawaida kwa sababu huzisikia kutoka kinywani mwangu.

"Mezani kwake?" nikamuuliza Mama. "Umewahi kukaa kwa hiyo meza?"

"Nimewahi kuipangusa."

Baba aliporudi alisoma karatasi mara mbili, akaiweka juu ya televisheni kwa heshima. "Ni dakika mbili," akasema. "Soma, keti, Jumatatu nenda kazini."

"Ni kanisani," Mama akasema.

"Hata kanisani watu husema mambo."

"Mimi sijawahi."

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Akisoma, neno lake pale Kabiro lingekuwa limekufa, na wale wanawake wangekuja kujua, kwa sababu nusu yao pia hufua katika mitaa ileile na habari za kila nyumba wanazo. Asiposoma, kazi imeenda, na mimi nilikuwa na mwaka mzima wa karo ya shule mbele yangu. Baba aliliita jambo dogo. Mimi nililiita takataka na nikashauri ile karatasi tuipige pasi. Mama alituambia sote tule.

Jumapili ibada yetu huanza saa tatu. Kila Mkristo wa Kabiro anajua saa tatu hiyo ni karibu saa nne. Jenerali hakuwa Mkristo wa Kabiro. Alifika saa tatu kamili, na msafara wa magari matatu, akakuta kanisa la mabati lenye mchungaji, wapiga ngoma wawili, paka, na sisi. Akaketi kwenye kiti cha wageni, kile cha sofa chenye kitambaa, akaangalia saa yake kwa dakika arobaini.

"Ona sasa," Baba akaninong'oneza. "Mtu wa saa."

"Ona sasa," nikamjibu. "Gavana ambaye hajui watu wake huamka kufanya nini kwanza. Kina mama wako foleni ya maji."

"Nyamaza."

Kanisa lilipojaa, mheshimiwa alikuwa amekaza taya kama mtu anayetafuna kokoto. Na ilikuwa bahati yake mbaya kwamba hapo ndipo kwaya yetu ikajipanga mlangoni ili iingie ikiimba. Mistari miwili, mashati meupe, tai nyekundu. Mtu aliyekaa jeshini maisha yake yote akiona mistari miwili na sare, akili haimshauri tena. Jenerali aliinuka, akaweka mikono nyuma, akateremka kati ya mabenchi na kuanza kuikagua kwaya.

Nasema kweli, aliikagua. Alipita polepole mbele ya kila mtu akiangalia kola, vifungo, viatu. Alimnyooshea tai mwalimu wa kwaya. Alisimama mbele ya dada mmoja wa sauti ya pili, akatazama viatu vyake vyenye vumbi la Kabiro, akatikisa kichwa. Watu walianza kucheka chini chini, mimi nikiwa wa kwanza. Mchungaji alicheka ile ya kuomba radhi bila kujua ni kwa nani.

Mwishoni mwa mstari alikuwa mzee wetu wa besi. Mzee huyu ni mzee wa kanisa, yeye ndiye huomba mtu akifiwa, na siku za wiki ni soja wa geti kwenye fleti fulani. Nusu ya wanaume wa kanisa letu ni masoja wa geti. Kazi yao ni kupigia saluti kila kitu chenye magurudumu, na mkono ukishazoea hauulizi. Kwa hivyo Jenerali alipomfikia, mkono wa mzee ukapanda wenyewe. Lakini wa kulia ulikuwa na kitabu cha nyimbo. Ukapanda wa kushoto.

"Mkono gani huo?" Jenerali akauliza.

Mzee akatabasamu. "Samahani, mkubwa. Kitabu."

"Weka kitabu chini. Rudia."

Tulidhani ni mzaha, tukaendelea kucheka. Mzee akaweka kitabu cha nyimbo sakafuni, akapiga saluti ya kulia.

"Gumba ndani. Rudia."

Akarudia.

"Kifua! Wewe ni mlinzi wa aina gani? Ndiyo maana watu wanaibiwa. Rudia."

Kufikia hiyo ya tatu hakuna aliyekuwa akicheka. Mkono wa mzee ulikuwa bado uko juu karibu na sikio, na kitabu chake kimelala kwenye vumbi mbele ya wajukuu wake, ambao huketi benchi la pili kutoka mlangoni. Jenerali akasema, "Angalau," akarudi kwa sofa yake akiwa ameridhika. Wale vijana wa tisheti wakapiga makofi. Makofi yao yakabaki peke yao hewani, manne, matano, yakaona aibu yakakoma.

Nilimtazama Baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mchungaji, maskini, akaharakisha mambo, hata kwaya ikabaki palepale mlangoni. Akasema dada yetu mpendwa, ambaye wote tunamjua, ana neno kuhusu mgeni wetu. Mama akapanda mbele. Alikuwa na ile karatasi mkononi, imekunjwa mara nne, na hakuikunjua.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nimefanya kazi kwa Jenerali miaka sita," Mama akasema. "Nimefua nguo zake. Zilikuwa nguo nzuri, na nimezifua vizuri." Akafikiri kidogo, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama kuna kingine. "Ushuhuda wangu ni huo."

Akaanza kushuka. Wale kina mama wa mabenchi ya kati, wafuaji wenzake, walikuwa wamebana midomo mpaka imekuwa myembamba.

Jenerali akasimama. Alijaribu kutabasamu, na ilionekana tabasamu lile halikuwa limepimwa kwa rula. "Ndugu zangu, huyu mama ni kama mtoto wangu. Ameshikwa na woga tu wa kuongea mbele ya watu. Wewe wa—" Akatafuta. Tulimwona wote akitafuta. Watu mia mbili walimtazama akichimba kichwani mwake jina la mtu aliyemfulia nguo za ndani kwa miaka sita, na chini hakukuwa na kitu. "Wewe, mama. Rudi hapa. Maliza."

Kanisani kwetu, mtu akizidisha maneno hakatizwi kwa maneno. Anaimbiwa pambio. Mtu yeyote anaweza kulianzisha, na likishaanza wote wanasimama, ngoma inaingia, na aliyekuwa akiongea anapaswa kufunga mdomo na kupiga makofi, hata awe askofu. Ni adabu yetu. Huwa tunaifanyia watu wanaosimulia ndoto ndefu.

Mama aligeuka, akamtazama yule mtu, na akaanzisha pambio.

Alianza peke yake, sauti ya juu kabisa, na kwa pumzi moja ikawa peke yake kweli. Kisha kutoka nyuma kabisa ikaingia besi. Mzee alikuwa amekiokota kitabu chake. Ngoma zikafuata, halafu wale wafuaji wote wakasimama kama maji yaliyochemka, na mabati yakaanza kutetemeka. Jenerali alikuwa bado anasema, mdomo ulikuwa unaenda, lakini hakuna neno lililotoka hai mle ndani. Mchungaji aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaanza kupiga makofi. Mwishowe hata Jenerali akapiga makofi. Alipiga nje ya mdundo. Mtu aliyetembea kwa ngoma miaka yote hiyo!

Tuliimba lile pambio mara tisa. Lilipokwisha, Mama akaanzisha lingine. Katikati ya la tatu magari yalisikika yakiwaka nje.

Ningependa kusema kwamba tulirudi nyumbani tukisherehekea. Tulitembea kutoka Kabiro hadi Gatwekera, na kila nikijaribu kuanzisha mzaha Baba alinitazama nikaumeza.

Jumatatu Mama alienda kazini kama kawaida. Ningekuwa mimi, ningelala. Getini soja, ambaye wanajuana miaka sita, alimwambia, "Mama, nimeambiwa wewe si wa hapa," akampa malapa yake ya kufulia yakiwa yamefungwa kwa gazeti, na akaomba msamaha kwa niaba ya watu wasioomba. Kutoka hapo Mama alienda moja kwa moja kwenye ule ukuta wa Kabiro ambapo wanawake hukaa na ndoo zao wakingoja mtu wa kuwaita kufua. Alikaa mpaka saa nane. Hakuitwa.

Jioni tulikula. Baba hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Si ungesoma tu," akasema. "Kama baba, kama mjomba. Ni maneno."

Mama akalaza kijiko. "Unakumbuka siku mama yangu alikufa Kitui?"

"Nakumbuka."

"Simu ilinipata nikipiga pasi. Nikaenda kumwomba ruhusa niondoke. Akaniuliza, 'Amekufa kwa ruhusa ya nani?' Halafu akacheka. Akasema ni mzaha wa jeshini." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya bei ya nyanya. "Akasema niende, lakini nimalize mashati kwanza. Yalikuwa kumi na moja."

Baba aliacha kutafuna. Siku ile mimi na yeye tulimngoja Mama kwa basi mpaka basi likatuacha, na alipofika anakimbia, Baba alimgombeza kituo kizima kikisikia. Alimuuliza ni mtoto gani anayechelewa kumzika mama yake. Mama alipanda basi la jioni bila kumjibu. Nilikuwepo, nimebeba blanketi.

"Na wewe ulimjibu nini?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nani, yeye ama wewe?"

Baba akasogeza sahani yake kando.

"Yeye nilimwambia pasi imepata moto," Mama akasema. "Nikarudi nikamaliza."

Kuta zetu ni za mabati, na ng'ambo ya ukuta anakaa mama mmoja muuza samaki ambaye kwa adabu hujifanya hasikii tunavyoishi. Usiku ule adabu ilimshinda.

"Mama!" akaita kutoka kwake. "Hayo mashati, si ungeyachoma kola?"

"Kola zilikuwa hazina makosa," Mama akamjibu, akavuta sahani ya Baba, akamwongezea sukuma.